Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?



Mvua zikianza hapa kambini, mama zetu huingia porini alfajiri kuokota uyoga. Mwezi uliopita vijana wa kwaya walituuliza: je, ni kweli uko uyoga ambao mtu akiula anaona maono? Walisikia habari hizo kwenye simu. Tuliahidi kuwajibu katika ukurasa huu. Lakini tulipotafuta jibu, tulikuta swali lingine linalotuhusu sisi wakimbizi zaidi ya lile la kwanza.

Ndiyo, uyoga huo upo. Ndani yake mna kitu kiitwacho silosibini. Baada ya nusu saa hivi hugeuza fahamu za mtu, kwa muda wa saa 4 hadi 6. Rangi hung'aa, vitu vilivyotulia huonekana vinasogea, dakika moja huwa kama saa nzima. Wengine husikia amani kubwa. Wengine hushikwa na hofu kali, wakakimbia ovyo na kujiumiza. Mwenye ugonjwa wa akili, au mwenye ndugu wa damu aliye nao, yumo hatarini zaidi. Tena uko uyoga wa sumu unaofanana nao, unaoharibu ini, na maumivu yake huchelewa kuanza. Vijana wetu, msijaribu. Nchi nyingi zimeukataza pia.

Sasa sikilizeni habari ya mama mmoja. Katika milima ya Oaxaca, nchi ya Meksiko, uko mji wa Huautla de Jiménez, wanakoishi Wamazateki. Watu wa nchi ile walitumia uyoga huo tangu zamani. Waspaniola walipoingia katika miaka ya 1500, mapadri waliukemea, na wenyeji wakauficha. Baadaye wakauchanganya na sala za Kikristo. María Sabina alikuwa mjane maskini, Mkatoliki. Akiletewa mgonjwa, aliula usiku, akaomba na kuimba hadi karibu na alfajiri, akitafuta chanzo cha ugonjwa. Kwao haukuwa kitu cha starehe. Waliuita watoto watakatifu.

Usiku wa tarehe 29 Juni 1955 alimpokea mgeni, R. Gordon Wasson, mkubwa wa benki kutoka New York, pamoja na mpiga picha wake. Mwaka 1957 Wasson aliandika yote katika gazeti la Life. Alibadilisha jina la mama, lakini siri haikukaa. Katika miaka ya 1960 vijana wa kigeni walimiminika Huautla kula uyoga kwa kujifurahisha. Polisi walimsumbua mama yule, nyumba yake ikachomwa moto, na wenzake wakamlaumu. Alikufa mwaka 1985, akiwa maskini vilevile. Alisema kwamba tangu wageni walipokuja, uyoga ulipoteza nguvu yake.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji, aliyekuwa mganga wa wengine, akaumia.

Mtu atasema: lakini wengine walifaidika. Ni kweli. Mwaka 1958 mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, aliitenga silosibini. Leo madaktari wanaijaribu kwa wagonjwa wa huzuni nzito, na tangu Julai 2023 Australia imeruhusu madaktari wa akili kuwapa baadhi yao. Tukifurahia mgonjwa wa mbali akipona, je, deni kwa yule mama limefutwa?

Sisi tunaona halikufutwa. Faida ya mtu wa tatu hailipi hasara ya aliyetoa. Tena tufikiri namna alivyoombwa. Aliyempelekea wageni alikuwa mtu wa serikali ya mji, na mama alieleza baadaye kwamba hakuona njia ya kumkatalia. Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana, hiyo ni ndiyo gani?

Wapendwa, sisi tunaijua ndiyo hiyo. Wageni huja kambini na daftari na kamera. Kiongozi anatuita, tunakaa kwenye benchi, tunaeleza usiku tuliokimbia na watoto tuliowazika njiani. Tunaogopa kwamba tukinyamaza, jina litaondolewa kwenye orodha. Mama mmoja wa kanisa letu alikuja kuona uso wake kwenye simu ya jirani, na habari aliyomficha hata mwanawe. Alilia siku mbili.

Hatusemi tufunge milango. Mfalme Hezekia aliwaonyesha wageni wa Babeli hazina zote bila kuuliza neno, na nabii akamwambia zitachukuliwa. Lakini kuuliza si ukorofi. Tuulize: habari hii inakwenda wapi? Nani ataiona? Nikikataa, nitapoteza nini? Mgeni mwema hatachukia.

Na tusisahau, sisi pia ni wageni. Wenyeji wa nchi hii walitupa shamba na kuni. Wanayo makaburi yao na miti yao wasiyopenda ikatwe. Tulivyotaka Wasson amtendee yule mama, tuwatendee hivyo.

Bwana awabariki.