Usingizi wa Daktari ni Mali ya Nani?

Mara hii tuzungumzie jambo linaloonekana dogo, lakini limeondoa amani katika nyumba nyingi. Jambo hilo ni usingizi, hasa usingizi wa mume au mke ambaye bado yumo katika mafunzo ya udaktari au uuguzi.

Huku kwetu Kericho na Bomet nyumba za namna hiyo si chache. Iko Hospitali ya Tenwek karibu na mji wa Bomet, inayofunza madaktari wanagenzi na madaktari wa upasuaji. Iko hospitali ya rufaa mjini Kericho, iko hospitali ya misheni ya Kaplong kule Sotik, na viko vyuo vya wauguzi na matabibu. Kijana akimaliza masomo ya udaktari chuoni hutumikia kama mwanagenzi mwaka mzima kabla ya kupewa leseni kamili. Huzunguka wodi ya watoto, ya akina mama waja wazito, ya upasuaji na ya magonjwa ya ndani. Akitaka ubingwa, huongeza miaka mingine kadhaa. Wengi huoa au kuolewa katikati ya safari hiyo, na watoto huzaliwa humo humo.

Tuchukue mfano. Mume ameingia zamu Ijumaa asubuhi, naye anafika nyumbani Jumamosi saa sita mchana. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, amemngoja wiki nzima. Mtoto anakohoa, karo ya mdogo wao haijalipwa, na mama mkwe amekuja kutoka Litein na kuku mkononi. Mume anasalimu, anamega ugali mara mbili, kisha analala na viatu miguuni. Anapoamka giza limeingia na mgeni amekwisha kwenda zake. Mke anasema, "Wagonjwa wanapata daktari, sisi tunaletewa maiti." Mume anajibu, "Kwa hiyo unataka nife kweli?"

Kila mmoja ana lake la kweli, na kila mmoja amemjeruhi mwenzake. Swali ni hili: mtu akilala saa zile ambazo mwenzake alizingoja, je, amemwibia? Na yule anayemkatiza mwenzake usingizi ili apate haki yake ya ndoa na ya malezi, je, naye hakuiba?

Kulala si uvivu

Tulilelewa kumsifu anayeamka kabla ya jogoo. Mchumaji wa chai huingia shambani umande ukingali kwenye majani, na jirani akimkuta mtu mzima kitandani saa nne asubuhi atasema nyumba hiyo imeingiwa na uzembe. Ndiyo maana daktari kijana huona aibu kulala mchana, na mkewe huona aibu kumtetea.

Lakini mwili hauna habari na sifa za majirani. Mwaka 1997 wachunguzi wa Australia waliwapima watu waliokaa macho na kuwalinganisha na watu waliokunywa pombe. Aliyekesha saa 17 mfululizo alifanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Kufikia saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10, kiasi ambacho nchi nyingi humkataza mtu kushika usukani. Mwaka 2004 uchunguzi mwingine huko Boston, Marekani, ulionyesha kwamba madaktari wanagenzi wa chumba cha wagonjwa mahututi walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi walipokuwa na zamu za saa 24 na kupita, kuliko walipokuwa na zamu fupi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2290) inasema wazi kwamba anayehatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi ana hatia nzito. Basi tujiulize: ikiwa kukesha kunamfanya mtu kuwa kama mlevi, je, hatia yake ni ile ile? Hapa tuwe waangalifu. Mlevi alikwenda mwenyewe kilabuni. Mwanagenzi aliandikwa zamu na mkubwa wake, na akikataa huenda asipewe sahihi ya kumaliza mafunzo. Hatia ya zamu isiyo na kiasi huwaangukia kwanza wale wanaoipanga. Mwanagenzi huulizwa juu ya saa zilizo mikononi mwake, yaani saa za kupumzika. Amezitumia kwa nini?

Desturi hii ilitoka wapi?

Wapo wanaosema, "Hata sisi tulikesha, ndivyo daktari anavyopikwa." Inafaa kujua jiko lenyewe lilikuwa la namna gani. Mfumo wa madaktari kuishi hospitalini miaka mingi wakijifunza ulianzishwa kwa nguvu na William Halsted katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889. Alikuwa mpasuaji hodari sana. Lakini historia inatueleza pia kwamba alinaswa na kokeini aliyoijaribu mwilini mwake mwenyewe, kisha akatumia mofini kwa miaka mingi. Si vema kumhukumu marehemu. Ila desturi iliyoachwa na mtu wa namna hiyo haiwezi kuitwa amri ya Mungu.

Mwaka 1984 msichana wa miaka 18 alifariki katika hospitali moja ya New York akiwa chini ya uangalizi wa madaktari waliokuwa mafunzoni, wenye wagonjwa wengi na saa nyingi za kazi. Baba yake alipiga kelele mpaka jimbo hilo likaweka kanuni mwaka 1989: zamu isizidi saa 24, na juma lisizidi saa 80. Mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kilienea Marekani yote. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka wastani wa saa 48 kwa juma. Kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Na mbele ya hizo zote, mwaka 1891, Papa Leo XIII aliandika katika Rerum Novarum kwamba kazi isipite nguvu za mtu, na kwamba mapumziko yapimwe kulingana na aina ya kazi na uwezo wa mwili.

Na kama hakuna mwingine?

Hapa daktari ana jibu zito. Atasema, "Nikilala, nani atamzalisha yule mama?" Daktari Ernest Steury alipofika Tenwek mwaka 1959 alikuwa daktari pekee, na kwa miaka mingi ya mwanzo ilikuwa hivyo. Angemwambia nani, "Nishikie zamu"? Na tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowaparamia watu pale njia panda ya Londiani na kuua zaidi ya 50, majeruhi walikimbizwa hospitali za Londiani na Kericho. Usiku kama ule, daktari au muuguzi anayeitwa kitandani huamka. Mwenzi wake naye humpa sweta na kumfungulia mlango. Hakuna cha kubishania.

Lakini usiku wa Londiani ni tofauti na usiku wa kila Ijumaa. Dharura ni jambo linalokuja bila kuandikwa. Ikiandikwa kwenye ratiba mwezi baada ya mwezi, hiyo si dharura tena, ni upungufu wa madaktari uliofichwa nyuma ya migongo ya vijana. Machi hadi Mei 2024 madaktari wa Kenya waligoma, na kiini cha mgomo kilikuwa hao wanagenzi: kupangiwa kwao vituo na malipo yao. Wapo waliohitimu na kukaa nyumbani wakingoja kupangiwa, huku wenzao wodini wakisinzia wamesimama. Kujitoa sadaka ni tendo jema, lakini mtu huitoa sadaka yake mwenyewe. Asiitoe ya mgonjwa ambaye hajaulizwa.

Haki ya mwenzi

Turudi nyumbani. Mtume Paulo (1 Wakorintho 7) anafundisha kwamba mwili wa mume si wake peke yake, na wa mke vivyo hivyo. Wasinyimane, isipokuwa kwa mapatano na kwa muda. Mara nyingi tunayasoma maneno hayo kana kwamba yanahusu kitanda tu. Lakini ikiwa mwili wa mume wangu ni wangu pia, basi uchovu wake ni wangu, na usingizi wake ni mali ninayopaswa kuilinda. Na ikiwa mwili wangu ni wa mke wangu, sina ruhusa ya kuuchakaza mpaka nimletee makapi.

Kwa hiyo usingizi wa daktari una wenyewe watatu: mgonjwa atakayemshika kesho, mwenzi wake, na yeye mwenyewe kama kiumbe cha Mungu. Mke anayewatuliza watoto ili baba yao alale ameshiriki kumponya mtu asiyemjua. Lakini deni hilo lina upande wa pili. Mume aliyelindiwa saa saba za usingizi anadaiwa saa atakazokuwa macho. Akiamka na kushika simu, au akaenda kutazama mpira sokoni mpaka usiku, huyo ndiye aliyeiba.

Tena liko jambo la lokamu. Wapo wanaotoka zamu ya serikali na kuingia kliniki ya mtu binafsi siku yao ya mapumziko, wakitafuta pesa. Tusiwe wepesi kuwalaumu. Mara nyingi ni sisi jamaa tunaowasukuma. Kijana akiitwa daktari tu, ukoo mzima humletea kadi za harambee, hata kabla hajalipwa mshahara wa kwanza. Mkewe naye huenda anapenda nyumba ya mawe kabla ya wakati. Tunauza usingizi wake, kisha tunashangaa kwamba ni mkali.

Mke akiwa ndiye daktari

Hapa ndipo moyo wa mume hupimwa. Mume akitoka zamu, nyumba yote hunong'ona, "Shhh, baba amelala." Mke akitoka zamu ile ile, huulizwa, "Chai iko wapi?" Mwanamke aliyezalisha watoto wanne usiku anafika nyumbani kuosha sufuria na kukamua ng'ombe, na akisinzia jioni huitwa mke wa kazi, asiye wa nyumba. Hiyo si haki. Usingizi hauna jinsia, na mgonjwa wa kesho hatauliza kama mkono unaotetemeka ni wa mwanamume au mwanamke.

Mume anayefanya kazi katika kiwanda cha chai anaweza kulielewa hili kuliko wengine, maana naye hufanya zamu za usiku. Anajua kwamba majani mabichi yakifika hayapelekwi moja kwa moja kwenye mashine ya kukata. Hutandazwa na kupulizwa hewa kwa saa nyingi, mara nyingi kati ya 12 na 18, mpaka yanyauke na kulainika. Mwenye haraka huharibu chai yote. Wala hakuna msimamizi aliyewahi kuyaita majani yale mavivu.

Mfanye nini?

Kwanza, ratiba ya zamu ibandikwe jikoni mara inapotoka, na wote wawili waweke alama siku za usingizi na siku za familia. Pili, kabla ya kulala, daktari atumie dakika kumi: amshike mtoto, amsalimu mgeni, amwambie mwenzake saa atakayoamka, kisha aitimize ahadi hiyo. Tatu, anayetoka zamu ya usiku asiendeshe gari kabla ya kulala kidogo hospitalini, hasa mvua na ukungu vikiwa barabarani. Mwenzi asimhimize kufika upesi. Nne, mambo mazito, kama pesa na ndugu, yasijadiliwe na mtu aliyekesha. Tano, mwenzi wa nyumbani naye huchoka. Mtoto anayelia usiku ni zamu pia, na siku ya mapumziko ya daktari iwe na saa za yule mwingine kulala.

Nabii Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimwacha alale, akamgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Ndipo akamwambia kwamba safari bado ni ndefu. Huenda ndoa ya daktari haihitaji zaidi ya mtu wa namna hiyo, ila kila mmoja apate zamu ya kuwa malaika.

Maswali ya kujadiliana wawili

1. Ni lini mara ya mwisho tulipokaa pamoja, wote tukiwa macho na bila simu?
2. Je, kuna pesa tunazotafuta kwa kuuza usingizi wa mmoja wetu? Tungeweza kuziacha?
3. Ni nani katika nyumba hii ambaye uchovu wake hauhesabiwi?