Asidi ya Miaka 3,000 na Wasiozaliwa

Pairiti, madini ya chuma na salfa yenye mng'ao wa dhahabu, ikipata hewa na maji huzaa asidi ya salfuriki, na bakteria huiharakisha kazi hiyo. Ndani ya mgodi wa Iron Mountain, California, uliofungwa mwaka 1963, yamepimwa maji yenye pH ya -3.6. Kutani zimeganda chumvi za salfeti za rangi mbalimbali, zikihifadhi asidi, shaba na zinki mpaka maji yaziyeyushe. Inakadiriwa mtiririko wa asidi hiyo waweza kudumu miaka 3,000.

Basi, kwa madhara yatakayowafikia wazao ambao bado hawajazaliwa, nani mdai? Mwaka 1984 mwanafalsafa Derek Parfit alionyesha ugumu: historia ingekwenda vingine, wazao hao wasingekuwapo kabisa, wangezaliwa wengine, watalalamikaje kwamba wamepunjwa? Hoja ni kali, ila humchukulia aliyedhulumiwa kuwa ndiye mdai pekee. Katika mafundisho ya Kiislamu ardhi ni amana, na mwenye kuidai ni Mwenye mali, ambaye hangoji kuzaliwa. Hapo kitendawili hakina pa kushika.

Mahakama hazihesabu deni hivyo. Mapatano ya mwaka 2000 kuhusu Iron Mountain yaligharimia usafishaji wa maji kwa miaka 30, pamoja na fungu la kulipwa mwaka 2030.