Neno Lisemwe kwa Nani?

Mara nyingi twasikia watu wakijitetea hivi: "Sikusema uongo, nilisema kweli tupu." Nao hufikiri ya kuwa shauri limekwisha. Lakini je, neno la kweli ni halali kusemwa po pote na kwa mtu ye yote?

Kanisa, likieleza Amri ya Nane, latufundisha kupambanua makosa mawili. Mtu akimzulia mwenzake kosa asilolitenda, amemsingizia. Akifunua kosa la kweli la mwenzake kwa watu wasiolijua, bila sababu ya haki, amemsengenya. Na hilo nalo ni dhambi. Tena aliyeharibu jina la mwenzake hudaiwa kulitengeneza, kama vile mwizi hudaiwa kurudisha mali. Ila mwizi wa mbuzi ana nafuu: mbuzi huhesabika. Jina likishapita sokoni, na siku hizi likishapita katika simu za watu, nani ajua limefika wapi?

Sasa tutazame nyumba zetu. Mume amechelewa kurudi siku tatu mfululizo, wala hakuleta pesa ya chakula. Mkewe ana haki ya kuuliza. Lakini amwuliza nani? Kwanza jirani, kisha dada yake, kisha shangazi wa mume. Mwisho wa juma habari yamfikia mume mwenyewe, nayo imenenepa njiani. Naye mume, badala ya kueleza, hununa, hula kimya, humtuma mtoto: "Mwambie mama yako..." Mtoto huyo amefanywa mjumbe wa vita asiyoielewa. Kwetu sisi kununa kwa namna hiyo si uvumilivu hata kidogo; ni ukali usio na sauti.

Katika Injili ya Mateo, sura ya 18, Bwana Yezu aweka utaratibu: aliyekosewa amwendee mwenzake, wao wawili peke yao, asiposikilizwa, achukue mtu mmoja au wawili, ndipo shauri lifike mbele ya Kanisa. Sisi twapenda kuanzia mwisho. Kwa nini? Kwa sababu mbele ya baraza twasema tu, lakini tukiwa wawili hutubidi kusikiliza pia; na labda tutaambiwa ya kuwa mshahara haujalipwa tangu mwezi uliopita, naye mume aliona haya kusema.

Tusikosee hapa. Mke apigwaye, au mtoto atendewaye uovu, hafungwi na utaratibu huo. Hiyo ndiyo sababu ya haki. Na aseme upesi kwa wale wawezao kumwokoa. Anayemnyamazisha kwa ajili ya heshima ya nyumba amkosea mara ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Katika sura ya 5 ya Injili ile ile, Bwana amwagiza mtu anayelaumiwa na ndugu yake aache sadaka mbele ya altare, aende kwanza kupatana naye. Basi aliyekosewa aambiwa aende, na anayelaumiwa aambiwa aende vilevile. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kukaa kitini akingoja. Wakitii wote wawili, watakutana njiani, kabla ya kufika kwa jirani.