Namba Mpya Haifuti Deni la Kale

 

Wiki chache zilizopita, tulipomaliza darsa ya baada ya Maghrib, mzee mmoja katika wanachuo wetu alitoa simu yake akatutaka tumsomee maneno aliyoandikiwa na mwanawe. Kijana huyo yuko Marekani, katika jimbo la Ohio. Alichukua gari kwa mkopo na akatumia kadi za benki, kisha kazi ikamkatikia, akashindwa kulipa. Leo hapati nyumba ya kupanga, kwani kila mwenye nyumba hutazama kwanza khabari za madeni yake. Akatokea mtu, naye ni Muislamu mwenzake waswalio safu moja, akamwambia kwamba kwa dola 900 atampatia namba mpya, na daftari lake litakuwa jeupe kama la mtoto aliyezaliwa leo. Mwisho wa maneno yake kijana amwuliza babake: "Sheikh wako asemaje? Deni lenyewe ni la benki, na benki hula riba. Kuna dhambi gani?"

Tulimjibu mzee palepale kwa maneno machache. Lakini swali hili ni zito kuliko majibu yetu ya usiku ule, na nyumba za mwambao wetu zenye watoto ng'ambo ni nyingi. Kwa hivyo tumeona ni wajibu kulieleza.

Kwanza, msomaji ajue jambo lenyewe ni nini. Katika Marekani, raia na mgeni aliyepewa ruhusa ya kufanya kazi hupewa na idara iitwayo Social Security namba ya tarakimu 9, nayo humfuata mpaka kaburini. Kuna kampuni 3 kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, ambazo huweka daftari la kila mtu: alikopa nini, alilipa lini, alichelewa wapi. Kwa namba ile mtu hujulikana humo. Basi wauzaji wa hila wanasema: ukitaka kulikimbia daftari lako, kimbia namba yako.

Njia zao ni mbili. Ya kwanza ni kumwambia mtu aiombe idara ya kodi namba wanayopewa waajiri na wenye biashara, nayo pia ina tarakimu 9, kisha aiandike katika fomu za mkopo mahali pa namba yake mwenyewe. Namba hiyo idara ya kodi huitoa bure kwa mwenye biashara ya kweli. Muuzaji huiuza kwa mamia ya dola kwa asiye na biashara yoyote. Njia ya pili ni kumpa namba waiitayo "namba ya faragha ya mkopo". Wanasema sheria imeiruhusu. Wamesema uongo. Hakuna idara ya serikali iliyotoa wala inayoitambua namba kama hiyo. Na inatoka wapi, basi? Mara nyingi ni namba ya Social Security ya mtu mwingine, na wanaopendwa zaidi na wezi hao ni watoto wadogo, wazee na wafungwa, kwa sababu hawakopi na hawatazami madaftari yao. Mtoto huyo atakapofika miaka 18 na kutaka kuanza maisha, atakuta jina la deni limekwisha kumtangulia. Ewe kijana, huyo ndiye utakayesimama naye mbele ya Mola wako, si benki.

Wala usidhani serikali yao imelala. Mwaka 1999 Federal Trade Commission, ambayo ni tume inayowalinda wanunuzi, iliwashitaki wauzaji kadha wa hila hii. Sheria ya 1996 juu ya watengenezaji wa madaftari ya mikopo inakataza wazi kumshauri mtu abadilishe utambulisho wake ili afiche khabari mbaya za kweli, na inakataza pia kudai malipo kabla ya kazi kutimizwa. Basi huyo aliyedai dola 900 mbele amekwisha vunja sheria kabla hajafanya lolote.

Lakini muuzaji si peke yake mwenye kushikwa, na hili ndilo wasilolijua watoto wetu. Anayeandika uongo katika fomu ya mkopo wa benki kwa kukusudia ametenda jinai ya serikali kuu, ambayo ukomo wa adhabu yake ni kifungo cha miaka 30 na faini ya dola 1,000,000. Anayejitia namba ya Social Security isiyokuwa yake kwa kudanganya aweza kufungwa hadi miaka 5. Ni kweli kwamba mahakimu hawafikii ukomo huo kwa kila mtu. Walakini fomu hutiwa sahihi na mkopaji, muuzaji hayumo. Na akija mbele ya hakimu aseme "niliambiwa ni halali", karatasi yenye mkono wake iko mezani.

Na kwa asiyekuwa raia kuna balaa jingine. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inahesabu udanganyifu uliotia watu khasara ya zaidi ya dola 10,000 kuwa katika makosa makubwa yanayomfanya mgeni afukuzwe nchini, hata akiwa na karatasi ya ukaazi wa kudumu. Kwa bei ya gari moja mtu aweza kumalizia miaka yake yote ya taabu katika ndege ya kurudishwa, amewaacha mke na watoto nyuma.

Sasa tuje kwenye hoja ya riba, kwani hiyo ndiyo iliyotuumiza zaidi. Imekuwa desturi ya baadhi ya watu wetu kuitaja haramu ya mwenziwe ili ahalalishe yake. Riba ni haramu, wala hatutafuti hila ya kuihalalisha. Lakini wewe uliijua siku ulipotia sahihi, ukachukua gari, ukalipanda. Leo unapotakiwa kulipa ndipo unapokumbuka Qur'ani! Na hiyo namba mpya, muuzaji akuuzia ili ufanye nini nayo, ikiwa si kukopa tena kwa riba ileile?

Ama kusema kwamba mali ya asiyekuwa Muislamu ni halali kudhulumiwa, hilo ni neno la wajinga. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alipohama Makka huku watu wake wakitaka kumwua, alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili azirudishe amana za watu wa Makka kwa wenyewe. Hawa walikuwa makafiri na maadui. Amana zao hazikuguswa. Na Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo mwambao huu, ameeleza katika Al-Umm kwamba Muislamu akiingia katika nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani yao, haijuzu kwake kuwafanyia khiyana katika mali zao, iwe ndogo au kubwa. Ruhusa ya kuingia na kukaa ndiyo amani hiyo katika zama zetu. Kijana wetu aliiomba, akapewa, akaapa kwa ajili yake.

Na deni lenyewe si jambo dogo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul-Baqara, ni ya kuandika deni na kulishuhudiza. Mtume aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari 2 asiyeacha cha kulipia, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kulichukua. Dinari 2, na mtu ni sahaba!

Si kwamba tunamwambia kijana akae na dhiki yake. Dini imeamrisha aliye katika shida apewe muda, na sheria ya huko nayo ina njia ya haki isiyotaka muuzaji. Ana haki ya kulisoma daftari lake bila malipo. Likiwa na jambo la uongo, aiandikie kampuni husika, nayo yalazimika kulichunguza bure, kwa kawaida katika siku 30. Lililo la kweli, hata likiwa baya, kwa kawaida hutolewa baada ya miaka 7, na muflisi baada ya miaka 10. Awaendee wanaomdai, aseme ukweli, aombe kupunguziwa au kupewa muda. Wengi hukubali kuliko kukosa kabisa. Akiwa amekwisha tia sahihi na huyo muuzaji, sheria ile ya 1996 yampa siku 3 za kazi za kuuvunja mkataba bila kutoa sababu. Na akiwa amekwisha itumia namba hiyo mahali popote, asiitumie tena hata mara moja, na amwone wakili kabla ya kuandika barua yoyote kwa yeyote.

Nasi tulioko hapa tusijione tumesalimika. Hapa Kenya wako wanaotoza watu fedha wakiahidi kuwatoa majina yao CRB bila deni kulipwa, na wako wanaokopa kwa simu kwa kitambulisho cha mama mzee asiyejua kusoma. Majina ya hila yametofautiana tu.

Maneno haya mzee ameyapeleka kwa mwanawe, pamoja na neno lake mwenyewe kwamba yu tayari kuuza minazi yake 12 ya shamba ili amsaidie kulipa, lakini kwa namba mpya hatatoa hata senti. Mpaka tunapoandika, kijana hajajibu.