Bondia Akisema Inatosha

Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham, Uingereza, akiwa hajulikani. Usiku ule ulikuwa wa Amir Khan. Mwakinyo alikuwa kwenye mapambano ya utangulizi, na mpinzani wake, Sam Eggington, alikuwa amewahi kuvaa mkanda wa Uingereza na wa Ulaya. Raundi ya pili haikuisha. Mwamuzi alisimamisha pambano, Mwakinyo akashinda kwa TKO, na asubuhi yake Tanzania nzima ikajidai kuwa inamfahamu tangu utotoni. Waliokuwa hawajui uzito wa super welter ni kilo ngapi (hauvuki kilo 70, kama na wewe ulikuwa hujui) wakawa wachambuzi ndani ya daladala.

Miaka minne baadaye alirudi Uingereza, safari hii Liverpool, kuzichapa na Liam Smith aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Raundi ya nne Mwakinyo hakuendelea. Akaeleza baadaye habari za vifaa vilivyopotea safarini, viatu visivyomkaa sawa, na mguu ulioumia. Unakumbuka kilichofuata. Viatu vikawa kichekesho cha wiki nzima, na yule mtoto wetu akageuka mtoto wa Tanga, wa watu wa huko huko.

Sina haja ya kuamua kama viatu vilibana au havikubana. Kinachonikera ni kwamba sisi tuliokaa kwenye makochi, chipsi mkononi, tulijipa haki ya kumpangia mtu wa miaka ishirini na kitu aendelee kupigwa mpaka lini.

Maana tuna mfano jirani hapa. Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988 kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali. Akaingia ngumi za kulipwa, akahamia Marekani. Julai 1994, Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Raundi ya tisa mwamuzi Joe Cortez aliona Wangila amezidiwa, akamaliza pambano. Wangila alilalamika, akaona ameonewa, anaweza kuendelea. Muda si mrefu akapoteza fahamu, na baada ya siku moja na ushei akafariki. Alikuwa na miaka 26. Yule Boudouani aliyeangushwa naye Seoul alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1996.

Huwa namfikiria Wangila akilalamika. Ubongo unavuja damu na mdomo bado unasema niko sawa. Bondia hawezi kuachiwa peke yake uamuzi huu, kwa sababu kiungo anachokitumia kuamua ndicho kinachopigwa. Ndiyo maana ya kuwa na daktari pembeni ya ulingo, mwamuzi mwenye macho, na kocha mwenye taulo begani. Na pale ambapo bondia mwenyewe, akili zake zikiwa timamu, anasema inatosha, mimi namhesabia ujasiri.

Niliwahi kukaa karibu na kona katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, pambano la vijana, raundi sita. Kijana wa kona ile alirudi kwenye kigoda raundi ya nne, jicho la kushoto limeziba. Kocha akamwinulia vidole, akamuuliza vingapi. Kijana akajibu viwili kabla hajatazama. Kocha akamwaga maji ya ndoo, akamwambia, "Kaa hapo hapo mwanangu, tumemaliza." Ukumbi ukalipuka kwa zomeazomea, wengine wakidai kiingilio chao. Jamaa mmoja nyuma yangu akamfuata kocha, akamwita mwoga. Yule mzee alikuwa anafungua bandeji za kijana, hata hakugeuka. "Kwa mama yake nitakwenda mimi," alisema. "Wewe utakwenda baa."

Kijana alilia kwa hasira, na hasira ile ilikuwa na hesabu zake. Bondia chipukizi anakula kwa pambano. Hana mshahara wa mwezi, na baina ya pambano moja na jingine inaweza kupita miezi akiendesha bodaboda mchana na kujifua jioni. Akishinda, promota anampigia simu. Akipigwa KO mbele ya watu kwa ushujaa, bado anaweza kupigiwa, kwa sababu watazamaji walifurahi. Akisalimu amri, simu inanyamaza. Kwa hiyo soko linamlipa anayeumia vizuri na kumwadhibu anayejihifadhi, halafu tunashangaa bondia mstaafu akianza kusahau majina ya watoto wake. Soko hilo ni sisi. Promota anauza tunachonunua.

Mwakinyo aliendelea na kazi. Januari 2024 alipigana Zanzibar, kisiwa ambako ngumi zilikuwa zimepigwa marufuku tangu enzi za Mzee Karume, akamshinda Mbiya Kanku wa Kongo. Uwanja wa Amaan ulimshangilia, na sidhani kuna aliyeuliza amevaa viatu gani.

Wanaosimamia ngumi zetu wana wajibu wao: wahakikishe hakuna kijana anayepanda ulingoni bila kupimwa kichwa, na aliyepigwa KO apumzishwe kweli, asirudishwe ulingoni kwa jina jingine mkoa wa jirani. Na wewe msomaji, Jumamosi ukilipa kiingilio chako halafu kocha akarusha taulo raundi ya tatu, piga makofi, kisha nenda nyumbani. Hela yako haijaliwa.