Haki ya Mtoa Figo

Tuseme karani wa kahawa mjini Mbinga ana ndugu ambaye figo zake zimekufa. Zamani wagonjwa wa namna hiyo walipelekwa India. Tangu Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili hupandikiza figo, na ile ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata mwaka 2018. Lakini figo yenyewe hutolewa na jamaa aliye hai, na mtoaji aweza kuhitaji hata majuma 6 kabla ya kurudi kazini. Je, ni nani wa kuzigharimia siku hizo?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi mgonjwa siku 126 katika kila miaka 3: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Ila karani wetu si mgonjwa! Aliingia hospitali akiwa mzima, na sheria haimtaji mtu wa namna yake. Ndugu yake akifa, hupata siku 4 zenye malipo. Za kumwokoa asife hazikuandikwa. Marekani iliwatungia watumishi wa serikali yao kuu sheria mwaka 1999, ikawapa watoao kiungo siku 30.

Wako wasemao kwamba atendaye wema asitafute malipo. Ni kweli, wala kiungo hakiuzwi. Lakini kutotaka malipo ni jambo moja, na kutozwa faini kwa sababu ya wema ni jambo lingine kabisa. Kurani Tukufu (16:91) yaamuru uadilifu, na hisani, na kuwapa watu kama wapewavyo jamaa. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, aliyafafanua haya kuwa ni ngazi tatu katika hotuba iliyosomwa Lahore mwaka 1896. Wa ngazi ya tatu hutoa kama mama ampavyo mwanawe, bila hesabu. Mtoa figo amesimama pale. Mwajiri haombwi kupanda mpaka huko. Aombwa ngazi ya kwanza tu, yaani amtunzie nafasi yake na ujira wake. Nawe unayeichunguza dini hii, una haki ya kutupima hapo, kwa maana waajiri wengine ni Waislamu.

Na mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay? Yeye hana mwajiri wala likizo, na baada ya kupasuliwa hawezi kuvuta nyavu kwa majuma kadhaa. Hapo sheria ya kazi haifiki, na neno linaturudia sisi majirani. Wenzake wa mtumbwi waweza kumwekea fungu lake la usipa kila warudipo pwani, wala wasiliite sadaka.