Siku kumi baada ya hukumu

Hakimu akishatamka miaka thelathini, ndugu hukimbilia kule linakoegeshwa karandinga ili wapunge mkono, mwendesha mashtaka hufunga jalada lake, na karani huita kesi inayofuata. Kwa wengi wetu mambo yameisha. Kwa aliyepandishwa kwenye karandinga, saa ndiyo kwanza imeanza kuhesabu. Hapa Tanzania, sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya jinai inampa siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha sababu za rufaa yake, ukiondoa muda anaosubiri nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi. Nathubutu kusema kwamba shilingi ya msaada wa kisheria ina thamani kubwa kuliko zote ikitumika ndani ya siku hizo. Sisi lakini huwa tunaitumia kabla ya hukumu, kwa mashtaka ya aina chache, au miaka mingi baadaye, mfungwa akishazeeka.

Tazama tunavyogawa mawakili. Mshtakiwa wa mauaji husomewa kesi Mahakama Kuu na Serikali humlipia wakili. Mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha huhukumiwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ambako adhabu haipungui miaka 30, na mara nyingi husimama peke yake. Anamhoji askari mpelelezi kwa maswali aliyoyabuni usiku uliotangulia akiwa mahabusu. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, la mfungwa wa miaka 30 wa kosa hilohilo. Iliona kwamba hakupewa haki ya kujitetea, na kwamba kwa uzito wa adhabu ile alistahili kupewa wakili hata kama hakumwomba. Miaka miwili baadaye tulipata Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambayo inataka Polisi na Magereza waweke utaratibu wa kuwafikishia msaada mahabusu na wafungwa. Sheria ni nzuri. Shida ni kwamba siku 10 haziwezi kungoja utaratibu.

Kwa nini nakazania rufaa ya kwanza? Kwa sababu ndiyo pekee ambapo ushahidi wote unafunuliwa upya. Jaji wa Mahakama Kuu ana wajibu wa kuupima mwenyewe na kufikia uamuzi wake. Shauri likishapita hapo, Mahakama ya Rufani hujishughulisha na hoja za kisheria, na sababu ya kiushahidi ambayo haikutajwa chini kwa kawaida haisikilizwi tena. Sasa fikiria karatasi ya sababu za rufaa inayobeba uzito huo. Mara nyingi imeandikwa na mfungwa mwenzake anayeaminiwa kuwa na mwandiko na uzoefu, ikafungwa kwa alama ya dole gumba, kisha ikakabidhiwa kwa mkuu wa gereza aipeleke mahakamani. Ukizisoma chache unaanza kuona sura ileile: hakimu alikosea kisheria na kimantiki, upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka, utetezi haukuzingatiwa. Maneno yanayomfaa kila mtu hayamsaidii yeyote. Hoja moja ambayo ingemwokoa mfungwa huyu, pengine kwamba PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ilipokewa bila kusomwa mbele yake, au kwamba kisu kilipita mikono mitano na hakuna aliyeandika kilipotoka, imelala ukurasa wa 34 wa mwenendo wa kesi na hakuna aliyeufungua.

Na hata akiufungua, pengine hataelewa. Kesi iliendeshwa kwa Kiswahili, shahidi aliapa kwa Kiswahili, naye alijitetea kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu anayoletewa gerezani ina maneno yake mwenyewe kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na ikaacha mlango wa Kiingereza pale haki inapohitaji. Mlango huo umekuwa mpana kuliko ukuta wenyewe.

Wapo wanaosema kwamba msaada huu ni wa kuwatoa wahalifu kwa makosa madogo ya kiufundi. Pingamizi hili lina nguvu mitaani, na halifai kupuuzwa. Lakini chukua kanuni maarufu kuliko zote za utambuzi, iliyotoka katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980. Mahakama inauliza shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani, akiwa umbali gani, palikuwa mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na kama aliwahi kumwona kabla. Mama aliyevamiwa saa nane za usiku na watu watatu, ndani ya chumba chenye kibatari kimoja, anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akamnyooshea kidole mtu asiyehusika. Kuuliza kuhusu kibatari ni kuuliza kama tumemkamata mwenyewe. Kama hakuna aliyeuliza, mvamizi halisi yuko kijiweni anakunywa kahawa.

Wengine wanauliza: na aliyeibiwa, aliyejeruhiwa, nani anamlipia wakili? Swali la haki kabisa. Ila angalia kinachompata rufaa inapochelewa. Ikisikilizwa ndani ya mwaka mmoja na kasoro ikaonekana, mahakama inaweza kuamuru kesi ianze upya, maana mashahidi wapo na vielelezo havijapotea. Ikisikilizwa mwaka wa tisa, majaji watapima muda ambao mfungwa ameshautumikia, na mara nyingi watamwachia aende zake. Aliyejeruhiwa anapata habari hiyo redioni. Kwa hiyo wakili wa mapema anamfaa hata mlalamikaji, japo sitarajii ashukuru. Msamaha wa Rais wa Desemba 9 nao hautibu hili. Humtoa mtu gerezani na kuacha swali la hatia yake palepale.

Linabaki la fedha. Sidai kila mfungwa apate wakili wa kumsimamia mpaka mwisho, hilo hatulimudu. Ninachodai ni mtu mmoja anayejua kusoma mwenendo wa kesi, akae na mfungwa nusu siku kabla dole gumba halijagusa wino. Sheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na kuwakataza kusimama mahakamani, sawa. Kazi hii haihitaji kusimama. Hata walio ndani wanaweza kufundishwa. Uganda ilishuhudia Susan Kigula na wenzake 417 wakipinga adhabu ya kifo ya lazima, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikakubaliana nao. Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa gereza la Luzira, akatoka mwaka 2016.

Zamani ungeweza kusema kwamba kosa la nyumbani litarekebishwa Arusha. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja katika Mahakama ile ya Afrika, na mwaka mmoja baadaye njia hiyo ikafungwa kwa mashauri mapya. Aliyechelewa leo amebakiwa na ombi la kuongezewa muda, lenye kiapo chake na sababu za msingi. Nalo linaandikwa na yuleyule mwenye mwandiko mzuri, kwenye karatasi ileile ya mistari, na kupelekwa kwa mkuu wa gereza ligongwe muhuri wa tarehe.